Ng'ombe Alaye Mifupa: Jinsi Watu Walivyojifunza Kupima Chumvi ya Mifugo

Kila mtu aliyechunga ng'ombe utotoni mwake amepata kuliona jambo hili. Ng'ombe ameacha majani, amesimama peke yake, ameinua kichwa, mate yanamdondoka, na kinywani anatafuna mfupa mkavu. Ukimfukuza huuangusha, ukigeuka huurudia. Mwingine hulamba udongo wa kichuguu, na mwingine hutafuna gome la mti au kamba ya kufungia ndama. Watoto hucheka, watu wazima husema, "Ana tabia mbaya huyu," kisha neno hupita.

Lakini iko nchi moja katika Afrika ambako mfupa ule ulikuwa ni mauti. Ng'ombe wengi mno walikufa, matajiri wakawa maskini, na wataalamu walitafuta sababu kwa miaka mingi wasiione. Walipoiona hatimaye, walijifunza mambo mawili: la kwanza, ng'ombe alaye mfupa anatuambia ya kuwa amepungukiwa, la pili, hawezi kutuambia amepungukiwa kiasi gani. Basi, wasomaji wapenzi, nataka kuwasimulia habari ile, maana inamhusu kila mwenye zizi.

Kwanza tukumbuke ya kale. Kumpa ng'ombe chumvi si elimu iliyokuja na meli. Majani ya bara, mbali na bahari, mara nyingi yana chumvi kidogo, na ng'ombe huitamani kama sisi tunavyoitamani mbogani. Kwa hiyo tangu zamani wafugaji walijua chumvi iko wapi. Katika ziwa la Katwe, nchi ya Uganda, watu wamechota chumvi tangu zamani sana. Iliyo safi ililiwa na watu, na ile ya namna ya chini ilipewa mifugo. Wamasai nao walipeleka makundi yao mahali penye magadi. Mchungaji mwenye akili alijua pia ya kuwa tamaa ya chumvi haina adabu siku ya kwanza: kundi lililokosa chumvi muda mrefu hulamba kupita kiasi, na ng'ombe aliyelamba sana kisha akakosa maji huweza kuugua na kufa. Kwa hiyo chumvi na maji vilikwenda pamoja.

Hayo waliyajua kwa kuona, na waliyajua vema. Lakini chumvi ni kitu kimoja tu katika vingi vinavyotoka udongoni, vikaingia katika majani, na kutoka katika majani vikaingia katika mwili wa ng'ombe. Kuna chokaa ya mifupa. Kuna fosforasi, ambayo bila hiyo mfupa haushikamani na jike hashiki mimba vizuri. Kuna shaba na kobalti, ambazo hutakiwa kidogo sana, lakini zikikosekana kabisa mnyama hudhoofika. Udongo ukikosa kimoja cha vitu hivi, majani nayo hukikosa, hata yakiwa mabichi na marefu. Ng'ombe huweza kushiba kila siku na huku ana njaa ndani ya mifupa yake. Neno hili halikujulikana upesi, na ndilo lililofunuliwa katika Afrika ya Kusini.

Huko, katika nyanda kavu zilizo karibu na mji wa Vryburg, palikuwa na ugonjwa ulioitwa na Makaburu lamsiekte, maana yake ugonjwa wa kulemaa. Ng'ombe mzima, aliyekula vizuri jana, leo anatembea kwa shida. Kesho amelala, hawezi kuinuka. Ulimi na taya hulegea, hawezi kumeza, na baada ya siku chache hufa. Hana homa kubwa, wala ukimpasua huoni jeraha la kueleza kifo chake. Tena ugonjwa haukuambukiza kama sotoka, maana ng'ombe aliyesimama ubavuni mwa mgonjwa aliweza kubaki mzima. Watu walisema ni sumu ya majani. Wakatafuta jani lile, wasilipate.

Katika miaka ya 1880 alikuwako daktari wa mifugo wa serikali ya koloni ya Rasi ya Tumaini Jema, jina lake Duncan Hutcheon. Yeye aliona ya kuwa ng'ombe wa nchi ile hupenda mno kula mifupa, akafikiri kwamba malisho yao yamepungukiwa na fosforasi, akashauri wapewe unga wa mifupa. Neno lake lilikuwa jema, lakini halikushikwa na wote. Wenye kupinga nao walikuwa na hoja. Walisema: upungufu wa chakula hudhoofisha mnyama polepole, mbona huyu huanguka ghafula angali mnene? Hutcheon alikuwa ameshika ncha moja ya kamba; ncha ya pili ilikuwa bado imefichwa.

Aliyeivuta ncha ya pili ni Arnold Theiler. Mtu huyu alizaliwa Uswisi mwaka 1867, akajifunza utabibu wa wanyama, akaja Transvaal mwaka 1891. Mwanzo wake haukuwa mwepesi: alifanya kazi ya shamba, na katika mashine ya kukatia majani alipoteza mkono mmoja. Hata hivyo hakuiacha kazi yake. Sotoka ilipoingia Afrika ya Kusini mwaka 1896 alikuwa mmoja wa waliopigana nayo, na mwaka 1908 ilifunguliwa maabara kubwa ya Onderstepoort, karibu na Pretoria, yeye akiwa mkuu wake. Magonjwa mengi ya mifugo yalichunguzwa pale. Lakini lamsiekte ulimsumbua miaka mingi, na yeye mwenyewe kwa muda alidhani ya kuwa sumu yake imo katika majani.

Mwaka 1919 yeye na wenzake walianza kazi katika shamba liitwalo Armoedsvlakte, karibu na Vryburg. Jina lile maana yake ni Uwanda wa Umaskini, na wenye mifugo wa pale waliijua maana yake kwa ng'ombe wao waliokufa. Hawakuanza kwa kutafuta dawa. Walianza kwa kumtazama ng'ombe: anakwenda wapi, anakula nini, na anakula wakati gani. Wakaona ya kuwa wale wanaotamani mifupa hawali mifupa mieupe iliyokauka juani tu. Wengine, tamaa ikizidi, hula hata mifupa ya mzoga ambayo ina nyama iliyooza. Wakachukua vitu vya mizoga iliyooza, wakawalisha ng'ombe wa majaribio. Nao wakapatwa na lamsiekte ileile, wakalala, wakafa.

Ndipo mambo yote yakaungana kama mnyororo. Udongo wa nyanda zile una fosforasi kidogo. Majani yake, hasa yakikomaa na kukauka wakati wa kiangazi, yana fosforasi kidogo zaidi. Ng'ombe, hasa jike mwenye mimba au anyonyeshaye, hutoa fosforasi ya mifupa yake mwenyewe ili kumjenga ndama na kutengeneza maziwa. Akiisha kupungukiwa hutamani mfupa, naye hupata mzoga porini. Katika mzoga ule mna kijidudu kinachotoa sumu kali iitwayo botulini, na sumu hiyo ndiyo inayolegeza miguu, ulimi na taya. Ng'ombe huyo akifa bila kuzikwa, mzoga wake huwa mtego kwa wengine. Basi Hutcheon alisema kweli, na waliosema "ni sumu" walisema kweli. Kila mmoja alikuwa na nusu.

Sababu ikiisha kujulikana, dawa ilionekana pia. Mizoga ichomwe au ifukiwe chini sana. Na ng'ombe apewe fosforasi kwa mkono wa mtu, ili asiitafute kinywani mwa mauti. Wakati ule fosforasi hiyo ilipatikana katika mifupa iliyotiwa moto wa kuua vijidudu, kisha ikasagwa kuwa unga. Baadaye ilipatikana pia chanjo ya kukinga sumu ile.

Theiler, pamoja na Green aliyekuwa mtaalamu wa kemia, na du Toit aliyekuwa daktari wa mifugo, hawakuridhika kuona kwamba vifo vimepungua. Waliendelea kulinganisha makundi mawili: moja lilichunga tu, jingine lilichunga na kupewa unga wa mifupa. Wote walikula majani ya uwanda ule ule. Waliopewa unga walikua zaidi, wakawa na uzito zaidi, na maziwa yao yakaongezeka. Katika hesabu ya uzazi, kundi lisilopewa lilipata ndama 51 kwa kila majike 100; kundi lililopewa lilipata 80. Tazameni, ndugu, tofauti hii. Mwenye majike 100 alikuwa akikosa ndama 29 kila mwaka, wala hakuna simba aliyewala wala mwizi aliyewachukua. Walipotea katika udongo, kabla hawajatungwa mimba.

Hapo likaja swali ambalo kwa mwenye ng'ombe ni gumu kuliko la kwanza: wapewe kiasi gani, na wapeweje? Katika shamba la majaribio, mtu huweza kumshika kila ng'ombe kila siku na kumpa kipimo chake. Lakini mwenye ng'ombe 200 porini ataweza wapi? Wafugaji wakatafuta njia ya kumfanya ng'ombe ajipimie mwenyewe. Wakachanganya unga wa mifupa na chumvi, wakauweka katika kihori malishoni.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu chumvi hufanya kazi mbili. Kwanza huita: ng'ombe asiyependa harufu ya unga huja kwa ajili ya chumvi. Pili huzuia: akiisha kupata chumvi ya kumtosha, hachukui tena kwa pupa, bali huondoka kwenda majini. Kwa hiyo chumvi ni kama mlango: ukiwa mpana, wengi huingia, ukiubana, huingia wachache. Mtu akizidisha chumvi katika mchanganyiko, ng'ombe hula kidogo. Akiipunguza, hula zaidi. Njia hii ilienea katika nchi nyingi, na hata leo chumvi ndiyo msingi wa madini mengi ya mifugo, ya unga na ya mawe ya kulamba.

Lakini mlango huo hauna bawabu. Waliotazama vihori waliona ya kuwa ng'ombe mmoja hulamba mara nyingi kwa siku, na mwingine hapiti kabisa. Wenye pembe na nguvu huwafukuza wadogo, na mara nyingi hao wadogo ndio wenye haja zaidi. Mvua ikinyesha, unga huwa tope na huachwa. Majani mabichi yakiota, ulaji hubadilika. Na mahali penye maji ya chumvichumvi au magadi, ng'ombe hawana hamu ya kihori, kwa maana chumvi wameipata majini. Na fosforasi iliyochanganywa ndani yake hubaki bila kuliwa. Mwenyewe huona kihori kimejaa, akasema, "Ng'ombe wangu hawahitaji kitu," kumbe wana haja kubwa.

Jambo lililobomoa kabisa imani ya kwamba ng'ombe anajua kila anachohitaji lilikuwa habari ya kobalti, nayo inagusa nchi yetu ya Afrika ya Mashariki. Katika Bonde la Ufa la Kenya, upande wa Nakuru, ng'ombe walikonda na kukosa damu ingawa majani yalikuwapo. Wakihamishwa kupelekwa malisho mengine walipona. Wafugaji waliuita ugonjwa huo kwa jina la mji wenyewe. Huko Australia na New Zealand nako kulikuwa na magonjwa ya namna hiyo. Mwaka 1935 wataalamu wa Australia walionyesha ya kuwa kinachokosekana ni kobalti, kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni. Ikajulikana kwamba hata ugonjwa wa Nakuru ni wa jamii hiyo. Na mwaka 1948, vitamini B12 ilipopatikana, ikaonekana kuwa ndani yake mna kobalti. Vijidudu vilivyo katika tumbo la ng'ombe huitumia kobalti kutengeneza vitamini hiyo, na bila hiyo damu yake hupungua na hamu ya kula humwisha.

Sasa fikirini. Ng'ombe aliyekosa chumvi huitafuta chumvi. Ng'ombe aliyekosa fosforasi hutafuna mfupa. Lakini ng'ombe aliyekosa kobalti hatafuti kobalti. Hukonda akiwa kimya, tena huacha kula. Shaba nayo ni hivyo hivyo. Ng'ombe hajui kuichagua. Ukimwekea vihori kumi vya madini mbalimbali ili achague, atachagua kwa ulimi, wala hatachagua kama daktari. Kwa hiyo vile asivyovijua huchanganywa katika kile anachokijua, yaani chumvi, ili akipata kimoja apate vyote.

Liko tena neno moja la kuonya katika historia hii. Ule unga wa mifupa, uliowaokoa ng'ombe wa Vryburg, baadaye uliletewa mashaka. Mwaka 1986 ulitambuliwa huko Uingereza ugonjwa mpya wa ubongo, ulioitwa kichaa cha ng'ombe. Ilionekana ya kuwa umeenea kwa sababu ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wengine ambao haukuharibu chanzo cha ugonjwa huo. Mwaka 1988 Uingereza ikakataza kuwalisha ng'ombe unga wa namna hiyo, na nchi nyingi zikafuata. Kwa hiyo asiwepo mtu atakayesoma habari za Theiler kisha akasaga mifupa ya machinjioni nyumbani kwake. Leo fosforasi ya mifugo hutengenezwa kutoka katika mawe yaliyochimbwa ardhini, nayo huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo.

Basi tufanye nini sisi wenye ng'ombe watano au kumi? Tuyashike yale yaliyonunuliwa kwa hasara ya wengine, na hasa hili: tupime. Mifuko mingi ya madini huandikwa kiasi anachopaswa kula ng'ombe mmoja kwa siku. Tuseme una ng'ombe 10. Weka kilo 5 katika kihori. Baada ya siku 10 pima kilichobaki. Kikiwa kilo 2, zimeliwa kilo 3, yaani gramu 3000. Gawanya kwa ng'ombe 10, kisha kwa siku 10: kila mmoja amekula gramu 30 kwa siku. Ikiwa mfuko unasema gramu 60, wamepata nusu tu. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, nayo inafaa kuliko kutazama kihori kwa macho na kukisia.

Ikiwa wamekula kidogo, tazama kwanza kama maji yao yana chumvi, au kama kuna mahali pengine wanapolamba. Kisogeze kihori karibu na maji na kivuli, ambako hupita kila siku. Kikinge na mvua kwa paa dogo la nyasi. Usiwape chumvi tupu kando, maana wakishiba hiyo hawatayagusa madini. Ikiwa wamekula kupita kiasi, usiogope siku za kwanza. Huenda walikuwa na njaa ya muda mrefu, na watatulia. Wasipotulia, kisogeze mbali na maji, au ongeza chumvi kidogo katika mchanganyiko, na wakati wote maji yawepo tele. Kwa ajili ya wadogo wanaofukuzwa, weka vihori viwili vilivyo mbalimbali. Na ukiwa na kondoo pamoja na ng'ombe, tahadhari: madini ya ng'ombe yenye shaba nyingi huweza kumwua kondoo.

Tena, ukiona ng'ombe anatafuna mfupa, usicheke wala usimpige. Mwondolee mfupa ule, fukia kila mzoga ulio malishoni, kisha umwulize bwana mifugo wa mahali penu malisho yenu yamepungukiwa na nini. Hutcheon aliisikia lugha ya ng'ombe wale, na watu wengi hawakumsikiliza. Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla Armoedsvlakte haijathibitisha neno lake. Sisi hatuna haja ya kungoja muda huo. Ng'ombe ameisha kusema ya kwamba amepungukiwa. Kupima ni kazi yetu.